Jicho la Wangeci

Nilipokuwa mtoto, hapa Mukurweini, mtoto mchanga alifichwa kama pombe ya magendo. Kabla kitovu hakijaanguka, mgeni hamtazami, na mlango haufunguliwi ovyo. Jua lilibaki nje na sisi na kuku.

Aliyeogopwa zaidi alikuwa jirani yetu Wangeci. Walisema ana jicho baya: akisifu ndama, ndama anaharisha, akisifu mtoto, mtoto anazikwa. Akikutana na mama aliyebeba mtoto, alilazimishwa kumtemea mtoto huyo mate kidogo ili jicho lipoe. Naye alitema, maskini. Ungefanya nini?

Mama alipomzaa ndugu yangu, akaitwa Mwangi, jina la babu aliyekuwa amekufa. Kwa desturi yetu, cucu, yaani nyanya yetu, mama yake baba na mjane wa babu huyo, akamwita "mume wangu".

"Mume wangu amelala," alituambia. "Mkipiga kelele mtakula hii mwiko."

Nadhani alimpenda kuliko yule wa kwanza. Huyu hakuwa na kiboko.

Mwangi alilala mno. Hata kunyonya ilikuwa shida. Cucu akasema ni mtoto mpole. Na rangi yake? Rangi gani! Mle ndani mlikuwa na moto wa kuni tu, na kwa mwanga wa moto kila kitu ni manjano, hata sufuria.

Asubuhi moja Wangeci alikuja na kigae kuomba makaa. Cucu alikuwa kwa mbuzi. Mama alipofungua kidogo, Wangeci akausukuma mlango wote, na mwanga ukaanguka kitandani. Akakodoa macho.

"Mama Mwangi, mbona mtoto ni manjano hivi? Hata macho! Mpeleke hospitali ya misheni."

Cucu akaja mbio. "Toka! Umemwona mume wangu, umemmaliza!"

"Nimemwona, ndiyo," Wangeci akasema. "Nyinyi je?"

Mlango ukafungwa, na blanketi ikatundikwa juu yake. Muda mrefu haukupita, mwili wa Mwangi ukakakamaa, shingo ikapinda nyuma, akawa analia kwa sauti nyembamba kama paka. Akafa. Onyo la cucu likatimia mbele yetu sote: Wangeci ameona, mtoto amekufa. Nani angebisha? Cucu alilia mume mara ya pili. Na Wangeci hakupewa tena makaa na mtu yeyote, mpaka naye akafa.

Nimezeeka, na bado siwezi kutulia kwa nyumba iliyofungwa pazia. Juzi mjukuu wangu Wairimu alijifungua. Nikamkuta amefunga kila kitu, taa ya stima inawaka mchana.

"Ananyonya?" nikauliza.

"Analala tu, cucu. Ni mpole."

Neno lile lile. Nikavuta pazia, nikambeba mtoto hadi dirishani, nikamfinya pua kwa kidole na kuachilia. Pale nilipofinya palibaki manjano.

"Si tumwanike jua kidogo?" Wairimu akasema.

"Ati tumwanike! Yeye ni mahindi? Jua ni ya kumwona. Dawa iko hospitali. Vaa viatu."

Hospitalini wakampima damu, wakasema ni ugonjwa wa manjano wa watoto wachanga, wakamlaza chini ya taa za buluu za kuutibu, macho yamefunikwa kitambaa. Nilizunguka kwa ile korido mpaka muuguzi akaniambia nikae. Sikukaa. Nilikuwa nasikiliza kama kuna sauti ya paka. Haikuja. Mtoto akaanza kunyonya, akapona.

Wangeci hakumuua mtu. Kati yetu sote, yeye peke yake ndiye alimtazama Mwangi kwa mwanga wa mchana, tukamlipa kwa kumfungia mlango.

Siku mtoto wa Wairimu alipotoka hospitali, nilimwita Njoki, binti ya Wangeci. Watu bado wanamfichia watoto wao. Alisimama mlangoni, mdomo umejikunja tayari kutema, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Meza mate yako," nikamwambia. "Ingia umwangalie vizuri. Na ukiona kitu, sema."