Kikao cha Wanaume Juu ya Tumbo Langu

Wanaume saba walikaa sebuleni kwangu kujadili kizazi changu, nami nilikuwa jikoni nikiwapikia chai. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko maumivu yenyewe. Niliipika kwa maziwa ya ngamia, iliki tele na sukari ya kuumiza meno kama wanavyoipenda, huku nimeegemea ukuta kwa sababu damu ilikuwa ikinitoka siku ya kumi na saba mfululizo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi hapa Garissa. Naishi Galbet, na wakati ule nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na watoto watatu. Kwa miaka miwili hedhi yangu ilikuwa imegeuka mgeni asiyejua kuaga. Nilivaa nguo nyeusi kila siku, na walimu wenzangu wakanisifu kwa uchaji, kumbe nyeusi haionyeshi doa. Niliacha kuketi darasani. Nilifundisha nimesimama mpaka kengele ya mwisho. Ramadhani moja nilifunga siku tisa tu, nikazililia zote nilizokosa. Baadaye ustadha mmoja, mwalimu wetu wa dini, alinieleza kwamba damu iliyozidi siku zake ni ugonjwa, na kwamba ningeweza kuoga, kuswali na kufunga. Nilimshukuru, lakini moyoni nilikuwa na hasira kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, maana aliiona ndoo ya nguo nilizoloweka. Alimleta mama mmoja anayetibu kwa moto, na yule mama akanichoma mara nne chini ya kitovu kwa kijiti chenye kaa. Sikukataa. Nataka kusema ukweli hapa: nilitamani sana moto ule ufanye kazi. Ungefanya kazi, nisingehitaji kumweleza mtu mwingine yeyote.

Haukufanya. Nilianguka ubaoni siku moja nikiandika, na mwalimu mkuu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyetoka Kenya, kama tunavyosema sisi huku, ingawa nasi tumo Kenya hiyohiyo. Alinipiga picha ya tumbo, akaniambia nina uvimbe kwenye kizazi, mwingi, na mkubwa wake unatoshana na chungwa. Alizitazama alama za moto na hakusema kitu, na kwa hilo nilimheshimu. Zipo sindano, alisema, zinazoupunguza uvimbe kwa miezi michache, kisha unaweza kurudi. Upo upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi, ila wangu ulikuwa umetapakaa kila mahali, na kuuchokoa mmoja mmoja kungenimwaga damu ambayo sina. Na ipo njia ya kukitoa kizazi chote. Alinieleza kila moja taratibu, kisha akasema jambo moja tu kwa ukali: damu yangu imeshuka hadi nusu ya inayotakiwa, nisikae nayo nyumbani.

Nilirudi nikajifungia bafuni, nikalia mpaka maji ya ndoo yakaisha kwa kunawa uso. Nilikililia kizazi changu. Kilinipa watoto watatu, na wa nne alifia humo humo, na sikuwa na chuki nacho hata kidogo. Lakini nilipomaliza kulia nilijua ninachotaka: kitoke, mimi nibaki.

Mume wangu ni dereva wa lori la mifugo kati ya Garissa na Isiolo. Nilipompigia aliniambia yuko njiani, Modogashe, na kwamba neno kubwa kama hilo hawezi kulikata peke yake, atamwachia adeer, yaani amu yake mkubwa. Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Ndiyo maana wale wanaume saba wakaja, na ndiyo maana nikawa jikoni.

Pazia la jikoni ni jepesi. Nilisikia mmoja akisema bado naweza kuzaa, mwingine akisema madaktari wanapenda kisu, wa tatu akitaka nipelekwe Nairobi baada ya mvua. Wote walizungumza kwa upole na kwa dua nyingi. Hakuna aliyeuliza ninaumwa wapi. Nikaingia na sinia la chai, nikaliweka chini, na badala ya kutoka nikabaki nimesimama.

Nilimkumbusha adeer kwamba ngamia wake jike alipovimba kiwele mwaka uliopita, alimwita daktari wa mifugo saa ileile. Hakuitisha kikao.

"Ngamia ni mali yangu, binti," akasema. "Naamua mwenyewe."

"Na hili tumbo ni la nani?"

Mmoja wao akaomba sukari. Niliwaachia sukari, nikatoka.

Uamuzi waliufikia bila mimi: tungoje mume arudi, tungoje mvua ipite. Hilo ningelipuuza, ila walikuwa wameshika kamba nyingine. Hospitali ilitaka watu watatu wanitolee damu kabla ya kupasuliwa. Kwetu damu ni jambo la ukoo: mtu akiuawa, ukoo wa muuaji hulipa fidia ya damu na ukoo wa marehemu hupokea. Kwa hiyo hata damu ya mfuko waliiona vivyo hivyo. Walidhani yao itatoka mkononi mwao moja kwa moja iingie kwangu, na maadamu ukoo haujakubali, hakuna atakayekunja mkono wa shati. Niliwaeleza kwamba benki ya damu hupokea ya yeyote na kunipa inayonifaa mimi. Walinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma shairi, yaani kwa tabasamu.

Nilimpigia tena mume wangu, na nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia ndani ya lori. Nikamwambia alichosema adeer, akasema anajua. Nikamuuliza yeye anasemaje.

"Naogopa," alisema. "Kikitolewa, watanishikilia nioe mwingine."

"Na wewe utaoa?"

Simu ikakatika. Mtandao wa Modogashe una adabu sana, hukatika pale mtu anapouhitaji. Mpaka leo hajaoa, na mpaka leo hajanijibu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kununua maziwa kwa wanawake wanaouza sokoni, wale wenye madumu ya njano, ambao nimekuwa mteja wao miaka kumi na miwili. Sikupanga kusema chochote. Mmoja aliniuliza mbona nimepauka hivi, na yote yakanitoka palepale, mbele ya madumu: uvimbe, kikao, damu. Nilijiona mpumbavu kwa kuyasema hadharani. Wakatazamana. Kisha wakayafunika madumu, wakamwachia mmoja wao alinde, na sita wakanifuata hospitali kwa miguu. Mwanamke wa maziwa haachi maziwa asubuhi, yanachacha kwa joto letu, na walilijua hilo kuliko mimi.

Aliyetangulia alikuwa mkubwa wa mwili na sauti. Alimnyooshea muuguzi mkono na kumwambia kwa Kiswahili cha sokoni, "Mimi iko na damu mingi. Toa tu." Muuguzi akamtoboa kidole, akapima, akapima tena, akamwambia hawezi kutoa kwa sababu yake yenyewe ni ndogo mno. Wanne kati ya wale sita walirudishwa hivyo hivyo. Wawili wakafaa, na wa tatu akawa mwalimu mkuu wangu, mtu wa Kitui, aliyekuja mbio nilipompigia simu, akiwa bado na chaki mfukoni.

Nikiwa nangoja, yule mwanamke mkubwa alinivuta pembeni, sauti yake imeshuka.

"Abaayo, dada yangu, yako ilikuwa ikitoka siku ngapi?"

"Yako je?"

Alisema aliacha kuhesabu tangu msimu wa ukame. Anafanya biashara, hana nafasi ya kikao. Niliingiwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata sebuleni kwangu, kwa sababu pale nilikuwa najitetea peke yangu. Nikamshika mkono nikamweka kwenye foleni ya daktari, nikamwambia asithubutu kuondoka. Akaketi.

Niliongezewa damu siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, muuguzi aliniletea fomu ya kukubali, akachungulia mlangoni kama anayetafuta mtu, akauliza mume wangu au mzee wa familia yuko wapi. Sikumlaumu, amezoea. Nikamwambia anipe kalamu. Palikuwa na mahali pa jina la anayekubali, nikaandika langu. Chini yake palikuwa na mahali pa kuandika uhusiano wake na mgonjwa. Niliandika kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika ubaoni ili hata wa nyuma aone: MWENYEWE. Muuguzi akasoma, akapiga mhuri, akaniambia nivue bangili.