Boksa Juu ya Suruali

Katika darasa langu la mahitaji maalum, hapa Wabera, maneno yangu hayana kazi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mrefu aliyeanza kuota ndevu. Hakusikia la mwalimu wala la mama, lakini ukimwonyesha picha, basi, hiyo ni sheria. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba bweni la shule litampokea tu akiweza kujivalia mwenyewe, niliamua kumtengenezea picha za kuvaa, hatua kwa hatua.

Nilihitaji mwanamume wa kumpiga picha akivaa. Walimu wenzangu wote wakakumbuka ghafla kwamba wana vipindi. Akabaki mlinzi wetu wa langoni, mzee wa heshima zake. Shati, sawa. Soksi, sawa. Kufika kwenye nguo ya ndani, akanikazia macho.

"Mwalimu, mimi niko na wajukuu! Hii boksa nitavaa juu ya longi, ama utafute mtu mwingine."

Nikapiga hivyo hivyo. Mpaka leo nashikilia kwamba kosa ni lake.

Darasani hatukugundua kitu, maana mazoezi yote tuliyafanya juu ya sare. Sisi pia tuna haya zetu.

Siku ya kujaribiwa alikuja mama yake, muuza maziwa ya ngamia. Alikuwa amemvisha tangu azaliwe, na sasa alilazimika kupanda stuli ndipo ampitishie sweta kichwani. Matroni wa bweni akakaa kando yake. Kijana akaingia nyuma ya pazia na picha zake, nasi tukangoja.

Akatokea. Nywele zimechanwa, vifungo vyote vimefungwa, suruali imenyooka, na juu ya suruali, boksa nyekundu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mlinzi, aliyekuwa akichungulia dirishani, akakumbuka lango lake.

Mama alikimbia kumrekebisha. Kijana akausukuma mkono wake, taratibu tu, akamwonyesha picha.

Matroni akaitazama picha, akamtazama kijana, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyu nachukua. Wewe mwalimu ndio urudie kazi yako."

Nikapiga vigelegele bila aibu. Mama hakupiga. Alisimama pale pale, mikono yake bado iko hewani.

"Mwalimu," akaniuliza, "sasa asubuhi mimi nitakuwa nafanya nini?"