Bilhah Kimotho na Daraja la Magogo

Bilhah Kimotho alizaliwa katika soko dogo nje ya Kipkelion, nyuma ya duka la mbegu la baba yake, na Kikipsigis, lugha ya wenyeji, alikijua kabla hajaanza shule. Hata hivyo aliitwa mgeni, kama baba yake aliyetoka Nyeri akiwa kijana na kufa akiitwa mgeni. Mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, duka lilichomwa. Walikaa miezi mitano kwenye hema uwanjani mwa kanisa, kisha wakarudi kuanza upya.

Ndiyo maana alipotangaza kwamba anawania kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, mwaka wa 2017, ndugu zake walimsihi aache. Hakuna wa jamii yao aliyewahi kukishika kiti hicho. Aliyemtia moyo ni jirani yake Janeffer, Mkipsigis mkulima wa chai, aliyezunguka naye boma kwa boma akiwaambia watu kwamba huyu mama hajawahi kumuuzia mtu mbegu mbovu. Alishinda kwa kura sitini na moja.

Ahadi yake ilikuwa moja tu: daraja. Vijiji vya juu vilifika sokoni na kwenye zahanati kwa kuvuka magogo yaliyooza. Bilhah alipeleka hoja kwenye bunge la kaunti, akaambiwa angoje bajeti ijayo. Aliporudi, faili haikuonekana. Mara ya tatu mwenzake mmoja alimwambia, tena kwa upole, kwamba watu wake wana kwao kwingine. Siku hiyo alirudi nyumbani, akapika, akala, wala hakumwambia mtu.

Katika mvua za mwaka wake wa nne, magogo yalikwenda na maji. Siku mbili baadaye, asubuhi, Edinah, binti wa Janeffer aliyeolewa kijiji cha juu, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume walimbeba kwa kitanda hadi ukingoni, wakakwama hapo. Bilhah alikuwa ng'ambo ya pili, simu mkononi, akiomba trekta, kamba, chochote. Ofisi moja haikushika simu. Nyingine ilimwambia aandike barua. Kufikia saa sita mchana wale wa ng'ambo walikuwa wamemfunika Edinah uso kwa leso. Mtoto naye hakupona.

Kwenye mazishi aliitwa awasalimie watu kama kiongozi. Alianza kutoa pole, Janeffer akasimama. Miaka yote alikuwa akimwita Bilhah Mama Cate, kwa jina la binti yake.

"Mheshimiwa, pole tumesikia," alisema. "Daraja litajengwa lini?"

Bilhah alimgeukia.

"Sijui, Mama Edinah. Nimeomba mpaka sijui niombe nani tena."

Watu waliguna. Janeffer akaketi.

Uchaguzi uliofuata Bilhah alianguka vibaya. Jamii yake ilisema amewasahau. Vijiji vya juu vilisema hakuwafanyia kitu. Akarudi dukani. Janeffer sasa hununua mbegu Londiani, mbali kote huko, na wakikutana kanisani hawasalimiani.

Juzi binti yake Cate alimwambia wauze duka, wahamie Nakuru. Bilhah alimjibu kwamba hapa ndipo kwao. Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake alikaa juu ya gunia la mbolea, akalia mbele ya wateja, na Cate hakujua amshike wapi.