Mzee wa Mlango wa Nyuma

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulitoka Mpanda mjini tukaenda Karema kupumzika siku nne. Tulikuwa tumemzika mama yangu miezi michache kabla, na tangu hapo kwetu tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini kama watu wa wodini. Mume wangu aliona picha kwenye simu: nyumba ya matofali ya kuchoma, baraza refu, Ziwa Tanganyika mbele yake. Tukaipenda.

Na kweli ilikuwa nzuri. Sakafu nyekundu iling'aa, na ukifungua dirisha la jikoni, ziwa lote liko hapo. Ila hatukukuta mtu wa kutupokea. Bomba lilikuwa kavu, shuka zina unyevu, sufuria sita na mfuniko hata mmoja hakuna. Mume wangu akampigia mwenye nyumba, aliyekuwa anaishi mbali.

"Natuma fundi sasa hivi, kaka," akajibu. Huyo fundi hatukumwona mpaka tunaondoka.

Nilipofungua kabati nikakuta vitenge vya mama mtu mzima, vimekunjwa vizuri, na rozari kwenye msumari. Nikalifunga taratibu, kama niliyeingia chumbani kwa mtu aliyelala.

Asubuhi mume wangu alienda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kutafuta migebuka. Nikiwa nachemsha chai, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa ufunguo. Akaingia mzee, akavua kandambili, akaketi dirishani.

"Umeshaamka," akasema, macho yake ziwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sukari usiweke nyingi. Si ulinikataza mwenyewe?"

Nilimmiminia. Akanywa, akasuuza kikombe, akatoka na kufunga mlango nyuma yake, mimi nikiwa ndani.

Nikampigia mwenye nyumba. "Ah, huyo ni baba," akasema. "Mama alifariki mwaka jana. Mzee anakaa kwa dada yangu, hapo juu karibu na misheni. Nimemwambia kuna wageni, anasahau. Wekeni kiti nyuma ya mlango."

Tukaweka. Kesho yake ufunguo ukazunguka, mlango ukasukumwa, ukagoma. Hakugonga. Nilimwona kupitia dirishani amesimama nje, anaukodolea ule ufunguo kiganjani mwake.

Hapo nikamkumbuka mama. Siku zake za mwisho alikuwa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na mimi kila mara namsahihisha: "Ni mimi, mwanao." Kila mara alikuwa anashtuka, anaanza kumlilia dada yake upya. Nilimfanya amzike mara nyingi.

Nikaondoa kiti.

"Ulikuwa wapi?" mzee akauliza.

"Nipo," nikamjibu.

Alifurahi. Akanisimulia kwamba mahindi ya "binti yetu" yamebeba vizuri, kwamba paka wa jirani amezaa. Nilisikiliza huku ngozi inanisisimka, maana mara mbili aligeuka kukitazama kiti kilichokuwa kitupu pembeni yangu, akatabasamu.

Asubuhi ya tatu alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia kama unaondoka?"

Mume wangu alikuwa kasimama barazani. Alinitikisia kichwa nisijibu.

"Sikujua mwenyewe," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni.

"Wewe si yeye."

"Ndiyo, baba. Mimi ni mgeni tu. Unisamehe."

Akainuka, akakiacha kikombe mezani bila kukisuuza.

Asubuhi ya nne nilichemsha chai mapema, nikasubiri mpaka ikapoa. Tulipokuwa tunapakia mizigo, akaja binti wa yule mzee kutuaga.

"Kila asubuhi tulikuwa tunahangaika kumzuia asije huku," akasema. "Leo nimemwambia mwenyewe aende, amekataa. Anasema mama ameshaondoka."

"Analia?"

"Hapana, dada. Amelala, amegeukia ukutani."

Alinishukuru kwa mikono miwili. Njia nzima mpaka Mpanda sikuweza kumwambia mume wangu kilichokuwa kinanisumbua: sijui kama yule mzee nilimsaidia, au nilimfisha mkewe mara ya pili.