Wekundu Tisa Chini ya Barafu

Juaaka Lyberth anaapa kwamba kamba yake ya ndoana ilitoka chini ya barafu ikiwa nyeusi tii, inanuka yai viza. Ndoana mia mbili, samaki wanne wa halibati, wote wamekufa zamani, nyama laini kama uji.

Dukani Ikamiunnguaq, Grinlandi, walimcheka. "Mzee, umevua soksi zako!"

Mtu mmoja hakucheka.

Saa tatu asubuhi, katika chumba chake cha kazi, Arnannguaq Petrussen anamimina tope kwenye chekecheo. Vidole vimevimba kwa baridi. Tope limechotwa sakafuni mwa hori, mkono wa bahari anamovua Juaaka, karibu na bomba la kiwanda cha uduvi linalomwaga maganda; yakioza, humaliza hewa majini.

Ana miaka thelathini na minane. Alimenya uduvi kiwandani humo hadi watafiti walipomfundisha kuhesabu vijidudu wenye makombe madogo kuliko punje ya chumvi. Hulipwa kroni mia na arobaini kwa saa. Tope hutiwa rangi: waliokuwa hai huwa wekundu, wafu hubaki weupe.

"Samaki akikosa pumzi anahama," anasema, akimnyanyua kijidudu mmoja kwa ncha ya brashi. "Hawa wanafia nyumbani. Ndiyo maana hawadanganyi."

Miaka sita iliyopita, katika kila mia tatu, mia mbili walikuwa wekundu. Leo ni tisa. Na hao tisa ni wa jamii ile isiyojali uvundo.

Anatumaini bomba litahamishwa. Wekundu hurudi, anasema, ila polepole. Kiwanda kimesema kitalifikiria.

Mlango unafunguka. Juaaka anaingia, anakung'uta theluji. Ana miaka sabini na moja, lakini humwita Arnannguaq mama, kwa kuwa ndiye aliyepewa jina la marehemu mama wa mzee huyo, na kwa desturi ya huko jina humrudisha mwenyewe.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Vua viatu, unanichafulia sakafu."

"Sakafu yenyewe tope tupu!" Anacheka peke yake, kisha anasogea mezani. "Mbwa wangu kumi na wanne wanalia njaa. Na hawa wa topeni wamekufa, sivyo?"

Arnannguaq anamwonyesha sahani yenye wekundu. Mzee anainama, anahesabu kwa kidole mpaka tisa.

Mahali pengine pa kuvua ni mdomoni mwa hori tu. Huko barafu imekuwa nyembamba. Machi iliyopita ilimmeza mdogo wake Juaaka, pamoja na mbwa wake wote.

"Basi niambie, mama. Kesho nitege wapi?"

Arnannguaq anachovya brashi majini. Anamtafuta mwekundu wa kumi.