Anayesikiliza Usukani

Fundi wetu wa magreda hamuulizi dereva kwanza, anauliza usukani. Huuzungusha kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, kisha hugusisha bisibisi ndefu kwenye pampu ya oili ya usukani, mpini sikioni, macho kayafumba kama mkunga anayesikiliza tumbo. Jana usukani wa greda letu kuukuu ulikuwa mzito kama jiwe, na msimamizi alishasema pampu imekufa, greda liuzwe kama chuma chakavu. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaona povu. "Hajafa, bosi. Kameza hewa, anakohoa tu." Akakaza klipu iliyolegea kwenye mpira wa oili, akasubiri povu litulie. Usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Akapapasa tairi, akanong'ona: "Pole, bibi. Hawa walishaanza kukuchimbia kaburi."