Buli la Kaure na Waigizaji Wanaonong'ona

Mama mkwe wangu ana kesi na waigizaji wote wa dunia. Kila siku baada ya sala ya alasiri tunaketi ukumbini, nyumbani kwetu Vitongoji, yeye akisuka ukili wa mkeka, mimi nimeshika rimoti, na shauri halichelewi kusomwa.

"Kanena nini huyo?"

Mara nyingi hata mimi huwa sijasikia. Filamu za siku hizi, utasikia mvua, magari na ngoma za kutisha. Likija neno lenyewe, mtu hulimeza kama kidonge. Basi nabuni. Namwambia kwa sauti ya chini, "Anasema atarudi," naye anaitikia, "Ehee," mambo yanakwenda.

Mume wangu, ambaye sauti yake husikika mpaka barabarani, alimwambia kwamba waigizaji hufanya makusudi, eti ndiyo sanaa.

"Makusudi?" mama mkwe akang'aka. "Ntu avae suti, arembwe uso, kisha anene asisikike? Huyo hakulelewa!"

Mimi nilikuwa nimelelewa hivyo hasa, ninene nisisikike. Mama yangu alinifunda kwamba mbele ya mkwe sauti yangu isivuke mkeka niliokalia. Nilishika sana. Hata mwezi wa kwanza wa ndoa, nilipovunja buli lake la kaure, alilopewa na mamake siku ya harusi yake, nilipiga magoti nikaomba radhi kwa sauti hiyohiyo ya adabu. Hakuinua macho kutoka kwenye ukili. "Ehee," akasema, basi. Sikuwahi kusikia radhi ikikataliwa kwa upole namna ile. Miaka tisa nimeishi na ile "ehee" kifuani, na kila nikimmiminia chai najiona mkosaji.

Wiki iliyopita kulikuwa na filamu ya baba mgonjwa anayemnong'onezea mwanawe wasia. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, kioo cha kabati kikatetemeka.

"Kasema shamba apewe dada mtu!" alipaza sauti jirani yetu, aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa ua wa makuti.

Mama mkwe, hatua mbili tu kutoka kwenye runinga, alinigeukia. "Kanena nini?"

Nikaizima runinga. Ikiwa mgonjwa yule kasikika mpaka uani na yeye hakumsikia, mimi aliwahi kunisikia lini? Waigizaji sijui nia yao, lakini mimi nilikusudia. Nilimnong'oneza miaka tisa kwa heshima, naye akaniitikia miaka tisa kwa heshima, asije akanitia haya kwa kunitaka nirudie.

Nilisimama, nikavuta pumzi, nikavunja mafunzo yote ya mama yangu.

"Mama! Naomba radhi! Lile buli la kaure nililivunja mimi!"

Ukili ukasimama mikononi mwake. Alinitazama usoni.

"Weye ndo ulolivunja?" akasema. "Na mie mwaka wa tisa nnampiga paka wa watu viatu!"

"Mie sikukwambieni?" jirani akapiga kelele kutoka uani. "Paka wangu mwenda wima, hana kosa!"

Mama mkwe akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Akanivuta, akanikalisha upande wake wa kulia.

"Radhi nshakupa, mwanangu. Kesho tumpeleke paka samaki wake." Akaokota ukili, akatafuta alipoachia. "Na kaa huku, sikio hili ndo zima kidogo. Ukitaka kuniheshimu, nipigie kelele."